Alama ya Susu Syombua

Mwanangu, siku ambayo haijanitoka ni ile mwanamke mmoja alipoingia katika chuo cha ufundi nilikokuwa nikiishi, karibu na Matiliku, akiwa na vipande vya chungu ndani ya kiondo. Kipande kimoja bado kilikuwa na muthokoi, chakula chetu cha mahindi yaliyokobolewa, iliyogandia ndani. Hakunitafuta mimi. Alimtafuta Susu Syombua, mfinyanzi mzee aliyekuja chuoni kila Jumanne kuwaonyesha wanafunzi namna ya kufinyanga bila gurudumu. Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, na chuo kizima kilimwita hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, mikono imejaa udongo, na chungu kile kilichovunjika kilikuwa changu.

Nakusimulia haya kwa sababu wewe pia una kipaji, na siku moja utaitwa mahali pa watu kwa ajili ya kipaji hicho. Nami nilipoitwa nilikuwa na miaka ishirini na saba. Barua ilisema nitakuwa msanii mkazi kwa muhula mmoja. Hadi leo, nywele zikiwa zimegeuka nyeupe, sijui sawasawa maana ya maneno hayo. Nilipewa chumba, tanuri la gesi na lundo la udongo. Mwalimu mkuu, Bwana Kioko, aliniita mgeni wetu. Wanafunzi waliniita mwalimu, ingawa sikuwa na darasa. Bawabu alinisimamisha langoni siku ya kwanza akaniuliza, "Madam, ni wewe wa kukagua vyoo?" Kila asubuhi nilivaa aproni na kusimama mlangoni bila kujua ni nani ananingoja.

Nilizaliwa Nuu, kule Kitui. Nyumbani tulipikia sufuria. Mama alikuwa na mtungi mmoja tu wa maji, wala sikuwahi kuuliza ulifinyangwa na nani. Udongo nilijifunzia Nairobi, kwa gurudumu na vitabu. Kwa hiyo pale Matiliku kila mtu alidhani najua mambo kwa kuwa mimi ni Mkamba, nami nilidhani najua kwa kuwa nina cheti. Hakuna aliyenieleza kitu, nami sikuuliza.

Kitu kimoja nilichofanya vizuri ni kuandika. Nilikuwa na daftari. Niliandika uzito wa udongo, joto la tanuri, jina la kila aliyepita karakana na alichosema. Ndani ya daftari hilo nilichora pia kitu nilichokiona kwenye vyungu vya Susu Syombua. Chini kidogo ya mdomo wa kila chungu, kabla udongo haujakauka, alikwaruza mistari mitatu iliyoinama na nukta moja, vyote kwa ukucha wa kidole gumba. Nilikipenda. Niliona ni pambo, tena pambo safi lisilo na makeke.

Nikalitumia. Nilifinyanga vyungu kumi na kimoja kwa udongo niliouchekecha hadi ukawa laini kabisa, nikaviwekea ile mistari mitatu na nukta. Nilivikusudia vikae juu ya kabati. Siku ya wazazi ilipofika wageni walivinunua vyote, nami nikaandika majina ya walionunua. Susu hakuwepo siku hiyo, alikuwa matangani kwa ndugu yake. Bwana Kioko alinishika mkono mbele ya watu. Nilidhani nimeelewa kwa nini niliitwa.

Basi, turudi kwa yule mwanamke wa kiondo. Alikuwa akiitwa Mama Mueni.

"Susu, nakusalimia kwanza, halafu tugombane," alisema.

"Tugombanie nini?"

"Hii. Nililetewa kutoka hapa siku ya wazazi. Nimepika nayo jana, wageni wa kanisa wako kwa meza, pasta ameshaomba. Chungu ikapasuka pap! Muthokoi yote kwa majivu. Wacha nikuulize, siku hizi unafinyanga na unga wa chapati?"

Susu alitoa kipande chenye mdomo. Akakigeuza polepole, akapitisha kidole gumba juu ya ile mistari.

"Alama ni yangu," alisema. "Lakini huu mkono si wangu."

"Alama yako na mkono si wako? Susu, usinichezee. Mama yangu alinunua kwa mama yako. Kwetu hatujawahi kurudisha hata moja."

Nikasema ni mimi. Nilisema kwa sauti ndogo, ikabidi nirudie. "Ni mimi nilikifinyanga. Nilidhani ni pambo."

Mama Mueni alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba. "Pambo? Wewe ni wa wapi?"

"Nuu."

"Na ni Mkamba?"

"Ndiyo."

"Ai! Na kwenu hakuna nyanya?"

Nilijitetea, mwanangu, na hapo ndipo ninapoona aibu zaidi. Nilisema nimeandika jina langu chini ya kitako cha kila chungu, kwa herufi nzuri, pamoja na mwaka.

"Chini ya kitako?" Mama Mueni akacheka hadi akaegemea meza. "Sasa mtu ataona chungu imejaa maji, ageuze ndio asome?"

Susu hakucheka. Alinieleza kwa maneno machache jambo ambalo mtoto wa jirani yake alilijua. Kila mwanamke mfinyanzi ana alama yake, na hakuna mwingine anayeigusa. Mnunuzi sokoni haulizi jina. Anapapasa chini ya mdomo wa chungu, akikuta alama anayoijua anachukua. Chungu kikipasuka, kinarudishwa kwa mwenye alama. Alama ya Susu alipewa na mama yake. Chungu changu kilipasuka kwa sababu chungu cha kupikia hutaka udongo wenye mchanga ndani, uweze kuvumilia moto, na wangu nilikuwa nimeuondoa mchanga wote. Vingine kumi vilikuwa vimeshaingia majikoni mwa watu, vikiwa na jina lake.

Nilingoja anikaripie. Ningejua la kufanya kama angenikaripia. Badala yake aliuliza, "Ziko ngapi?"

"Kumi na moja, hiki kikiwemo."

"Na umeandika zimeenda wapi?"

"Nimeandika."

"Basi zifuate." Akarudi kwenye udongo wake.

Nilikwenda kwa Bwana Kioko kumwomba ruhusa. Akaniambia nisijisumbue, wageni walivipenda sana vile vyungu, na jambo la chungu kimoja si la kuaibisha chuo. Nilitoka ofisini nikiwa sijui kama nimeruhusiwa au nimekatazwa. Nikaenda.

Siku ya soko nilisimama kando ya Susu nikimwambia kila aliyesimama kwamba kile chungu kibaya kilikuwa changu. Wengine walidhani natangaza bidhaa. Mzee mmoja aliniuliza kama ni siasa. Wanawake waliokuwa wateja wa Susu walipapasa chini ya mdomo wa vyungu vyake, wakaitambua alama, wakasita. Nilikuwa sijawahi kuona kidole kikisita hivyo. Kisha walisogea kwa mfinyanzi mwingine, kwa adabu, wakimsalimia Susu na kumuuliza habari za mguu wake uliokuwa ukimsumbua. Habari za Mama Mueni na wageni wa kanisa zilikuwa zimefika sokoni kabla yetu. Jioni tulirudi na karibu kila chungu tulichokwenda nacho.

Kwa wiki tatu nilitembea na daftari, nyumba kwa nyumba. Wengine walinipa vyungu bila neno. Mama mmoja alikataa, akasema chake kinashika maua vizuri na hakuna anayepika maua. Ikabidi nimfinyangie kingine ndipo akaniachia. Nilipata vinane. Kile kilichopasuka kilikuwa cha tisa. Viwili sikuvipata. Kimoja kilichukuliwa na dereva wa lori ambaye watu walijua tu kwamba hupitia Malili. Kingine kilitolewa zawadi katika harusi, na aliyekitoa hakukumbuka bibi harusi alihamia wapi.

Nilimpelekea Susu habari hizo. "Mbili," alisema.

Jumanne iliyofuata alikaa mbele ya wanafunzi kama kawaida. Alipomaliza chungu alikwaruza mistari mitatu na nukta. Kidole kikabaki hewani. Kisha akaongeza mstari wa nne, uliokata ile mingine.

"Susu, huo wa nne ni wa nini?" nilimuuliza.

"Ni wa sasa."

"Na alama ya mama yako?"

"Hiyo iko kwa chungu mbili sizijui." Akanitazama, akatabasamu, au nilidhani anatabasamu. "Leta maji, mwiitu," akaniita, yaani binti. "Udongo unakauka."

Alikuwa ameitumia alama ile tangu ujana wake. Sasa ilimbidi awafundishe wateja upya, chungu kwa chungu, katika umri ule. Je, alikuwa amenisamehe? Alikasirika? Au kwake ilikuwa kazi tu, kama kubadilisha mahali pa kuchimba udongo? Siku ya kuondoka nilijipa moyo nikamuuliza. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akasema vizuri, safari ni ndefu. Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka mingi na sijalielewa.

Kwa hiyo, mwanangu, ninachoweza kukushauri ni kile tu nilicho na hakika nacho. Ukifika mahali pa kazi ya watu, kila utakachokiona kizuri uliza ni cha nani na kinafanya kazi gani, kabla mkono wako haujakiiga. Uliza hata kama ni kwenu. Uliza hasa kama ni kwenu, kwa sababu hapo kila mtu atadhani unajua. Ukikosea, sema kosa ni lako mbele ya wale wale walioumizwa nalo, usingoje ofisi ikuelekeze. Na ujue kwamba utaomba radhi, utatembea nyumba zote, na bado kutakuwa na kitu usichoweza kukirudisha. Hapo usimlazimishe uliyemkosea akuambie mambo yameisha.

Nenda kafanye kazi yako. Mungu aipe mikono yako udongo mzuri, akupe watu wa kukuonya mapema, na jina lako lisibebwe kamwe na chungu ambacho hukukifinyanga.