Nyayo Zilizoanzia Kwenye Mtungi

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, na cheti changu cha shule ya jioni kikining'inia ukutani, na mtu mwenye cheti haoni vitu ovyo ovyo.

Ilikuwa kiangazi cha 1992, Nyamirambo. Mimi na mwenzangu Saidi tulikuwa na karakana ya kupima mitungi ya gesi: ya hospitali, ya kuchomelea vyuma, nadhani ya Rwanda nzima. Siku hiyo mzungu mmoja anayekagua nguzo za gati kule Gisenyi alituletea mitungi minne ya hewa, ile anayoibeba mpiga mbizi mgongoni akishuka ziwani. Alitaka ajue kama bado ni mizima, aichukue asubuhi.

Kazi yenyewe ni rahisi. Unaujaza mtungi maji, kisha unasukumia maji mengine kwa pampu mpaka nguvu ipite ile ya kawaida, unatazama kama utavumilia. Mtungi uliojazwa maji ukishindwa, unapasuka na kutoa machozi tu. Uliojazwa hewa ukishindwa, unaondoka na ukuta, na wewe, na mbuzi wa jirani.

Lakini maji yalikuwa yamekatika mtaa mzima, na bomba letu lilikuwa kavu kuliko unga. Sisi mafundi wa pale tulikuwa na dawa yetu ya kiangazi: hakuna maji, jaza hewa, jifiche nyuma ya mlango. Mlango wenyewe wa mbao nyembamba, niamini, wewe ungeweza kusoma gazeti lililo upande wa pili.

Jua lilipozama Saidi alikwenda msikitini. Akaniambia nianze, nisisahau mlango. Nikafunga mpira wa kompresa, ile mashine ya kushindilia hewa, kwenye mtungi wa kwanza, nikanyoosha mkono kwenye swichi.

"Ndugu, acha kwanza."

Nikageuka. Kijana amesimama, kaptula tu mwilini, amelowa kuanzia nywele. Maji yanamtoka mpaka masikioni. Kiangazi! Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri huyu bwana anajua kisima.

"Huo uko mgonjwa," akasema, akiuonyesha ule niliokwisha kuufunga. "Upe maji."

"Maji yako wapi, kaka? Hata ya kunawa hatuna."

"Iko."

Akaenda kwenye bomba, akalifungua kwa vidole viwili. Yakaja. Baridi, mengi, yananuka ziwa. Nilifurahi hata sikuuliza jina. Nikaijaza yote minne, nikaanza na ule mgonjwa. Nikapiga pampu, na kabla mshale wa kipimo haujafika hata kwenye nguvu ya kawaida, mtungi ukalia tik, ukafunguka ufa mrefu kama kidole changu, maji yakanimwagikia miguuni. Basi. Maji miguuni, ndiyo hasara yote niliyopata.

Nikageuka nimshukuru. Hakuna mtu. Zilibaki nyayo sakafuni, mbichi, na hazikutoka mlangoni. Zilianzia pale ule mtungi mgonjwa ulipokuwa umesimama, zikaenda mpaka kwenye bomba, zikaishia hapo.

Saidi aliporudi alinikuta nimekaa chini. Akafungua bomba: kavu. Akaenda kuuliza kwa majirani, wakamcheka.

"Maji gani, Saidi? Umeota ukiwa unaswali?"

Asubuhi mzungu alipoona ufa aliuinua mtungi, akautafutia alama fulani shingoni, akakaa juu ya kreti letu bila kukaribishwa. Akatuambia polepole kwamba huo ulikuwa wa msaidizi wake, kijana wa Gisenyi, aliyeshuka ziwani na hakupanda tena. Mtungi ndio uliopatikana peke yake. Akasema hakuweza kuutupa.

Akatuachia. Ninao mpaka leo, na kila kiangazi sakafu chini yake huwa mbichi. Siikaushi kwa haraka. Kwanza ninamwambia asante, kwa mke niliyemwoa baadaye, na kwa watoto wetu kumi na wawili. Sawa, watatu. Lakini kelele zao ni za kumi na wawili, na bila yeye nisingezisikia.

Kwa hiyo wewe unayejaza hewa kwa sababu maji yamekatika: subiri maji. Na akija mtu aliyelowa akakuambia acha kwanza, usimuulize ametokea wapi. Acha kwanza.