Odette na Mlinzi wa Barua

Mchana wa Kindu, jua linapoulemea mto Lualaba hadi mitumbwi yenyewe inaonekana kuchoka, mama Odette husinzia. Msimseme. Husinzia mbele ya kompyuta ya duka la Paulin, pale mtaani Alunguli, macho nusu wazi, mkono juu ya kipanya. Na katika usingizi huo mwembamba husikia kitu ambacho wateja hawakisikii: mkwaruzo wa phonie, ile redio ya kuitana ya miaka ya vita.

Miaka ile barabara zilikufa, garimoshi likalala, chumvi ikawa kitu cha kusimuliwa. Aliyetaka kujua kama ndugu yake wa mbali bado anapumua alikwenda kwenye chumba cha mzee Kassim, mwenye phonie, na Odette, msichana mwembamba wakati huo, alimwitia huyo ndugu hewani. Lakini kazi yake hasa haikuwa kuita, ilikuwa kukataa. Vita huotesha waongo kama mvua inavyootesha uyoga. Haikukosekana sauti iliyodai kuwa mtoto wa fulani, itumiwe hiki na kile. Odette aliuliza swali moja tu, la nyumbani, ambalo jibu lake hata jirani halijui. Nani alikuwa anakuogesha? Mlango wa jiko uliangalia wapi? Sauti ikibabaika, alizima. Watu walimwamini kuliko walivyowaamini askari, na walikuwa na haki.

Sauti aliyoingojea yeye mwenyewe haikuita kamwe. Mdogo wake, Didier, aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, alikwenda Kalima kuchimba kasiterite, mawe ya bati, barabara ikafungwa nyuma yake, basi. Asubuhi ya kuondoka alisahau mezani redio ndogo ya marehemu baba yao, kitu alichokipenda kuliko chakula. Odette alikimbia nayo mpaka barabarani, akakuta vumbi tu. Aliisikiliza mpaka ikafa. Na kwa miaka mingi alimkasirikia Didier kwa usahaulifu ule, maana kumkasirikia kulikuwa rahisi kuliko kumlilia.

Vita viliisha, simu zikaja, sanduku la phonie likatagiwa mayai na kuku. Paulin, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, akampa Odette kazi ya kupokea barua pepe za duka. Barua hizo, jamani! Kwa moja ya mchele, kumi za wajane wa majenerali na yatima wa vita wenye dhahabu ya kugawa. Programu ya barua haikujua kuchagua. Mbuzi na chui wote iliwakaribisha ndani. Ndipo Paulin akaweka programu nyingine, ya kukaa nje. Kila ujumbe unapofika, ile ya ndani huutoa kwanza kwa ile ya nje. Ya nje huupima maneno yake, kisha huurudisha na alama: safi, au taka. Za taka huingia kwenye folda yao, na kila Ijumaa Odette huzimwaga bila kuziangalia.

Uzuri wake, programu ile inafundishika. Odette akiionyesha uongo, inaukumbuka. Naye aliifundisha kwa uchungu wote aliokuwa nao: anayesema "ndugu yako", mwongo, anayesema "nilipotea", mwongo, anayetaja "vita", huyo mwongo mkubwa. Akiwa nusu usingizini aliiona kama yeye mwenyewe wa zamani, msichana ameketi nje ya mlango, anatikisa kichwa.

Siku moja ankara ya chumvi kutoka Goma ilichelewa.

"Mama Odette, angalia mu taka," Paulin alisema. "Pengine imeangukia mule."

"Mule hamuna kitu ya maana, patron."

"Angalia tu."

Ankara ilikuwamo. Na chini yake kulikuwa na ujumbe mwingine.

"Yaya Odette, mimi njo Didier, mudogo yako. Nilipotea wakati ya vita. Niko Kigoma. Waliniambia mulikufa wote, mpaka muntu mumoja wa Kindu akanipa anwani hii. Nilikuandikia mbele, haukujibu."

Odette aliisoma tena. Barua haikuomba kitu, na waongo huomba. Lakini jina huokotwa popote. Hakubonyeza kitufe cha "si taka". Hajawahi kuidhamini sauti kabla haijajibu. Aliandika swali lake moja: "Siku ya kuenda Kalima, ulisahau nini?"

Akangoja jibu. Siku zilipita, mto ukapita, barua za mchele zikaja. Odette aliogopa kwamba ni uongo, na aliogopa zaidi kwamba ni kweli, kwa sababu kama ni kweli, zile barua zake za kwanza alizimwaga kwa mkono wake mwenyewe.

Mchana mmoja usingizi ulimchukua tena. Alimwona yule msichana wa mlangoni akitikisa kichwa, na nyuma yake, katika vumbi, mtu amesimama. Odette alingojea msichana aulize swali la nyumbani. Hakuuliza. Alikataa tu. Odette akazinduka: Mungu wangu, bado yuko pale mlangoni! Jibu nalo lilipitia kwake!

Alifungua folda ya taka. Jibu lilikuwamo, limekaa siku zote hizo, na kesho yake ilikuwa Ijumaa.

"Redio ya baba. Lakini yaya, sikuisahau. Niliiacha makusudi, juu nilijua utabaki peke yako."

Odette alilia kwa sauti mbele ya wateja, wala hakujificha. Hasira yote ya miaka ile haikuwa na pa kukaa tena.

Alipoweza kuona herufi, alibonyeza "si taka". Kisha akaandika maneno ya phonie, yale aliyowaitia watu wote wa Kindu isipokuwa nafsi yake:

"Didier, nakusikia. Nakusikia muzuri. Sema, yaya iko."