Mtamba Namba Nne

Chuo kilinipa kola kumi na mbili za ng'ombe, kampuni iliyoziunda ikanipa mhandisi wa kuzitengeneza zikigoma, kiburi nikajipa mwenyewe. Kila kola ilikuwa na laini ya simu ndani, ikituma mahali alipo ng'ombe mpaka kwenye kompyuta yangu ofisini Mwisenge. Ng'ombe akivuka eneo lake la malisho, ujumbe wenye alama ya mahali alipo uliwafikia sungusungu, walinzi wa kijiji. Wazo la ujumbe lilikuwa langu, na nililisifia kila kikao.

Asubuhi moja mtamba namba nne, wa mzee mmoja wa Butiama, alionekana kwenye kompyuta yuko nje kidogo ya Bunda. Nikampigia mzee.

"Wote wapo zizini, mwanangu," alisema. "Na huyo namba nne namwona hapa."

"Una uhakika, baba?"

"Kwani mimi nadanganyaga?"

Basi kola ndiyo iliyodanganya. Hapo nilipaswa kuwaambia sungusungu kwamba ujumbe ule ni wa makosa, wasihangaike. Sikuwaambia. Niliona aibu kukiri kwamba mashine niliyoipigia debe imeropoka, nikataka kwanza niitengeneze kimyakimya. Huku kwetu ng'ombe akipotea, watu hufuata nyayo kwanza, maswali baadaye. Nililijua hilo vizuri, nami nikanyamaza.

"Inapotokeaga hivi ni betri, dada," mhandisi aliniambia tukiwa njiani. "Tunabadilisha, tunawasha upya, kwisha kazi."

Butiama tulimkuta mzee amesimama mlangoni mwa zizi, ameuziba kwa mwili wake. Kaka yake mkubwa alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni. Kwa miezi mingi kaka huyo alikuwa akidai mitamba kwa ajili ya mahari ya mwanawe. Nilichungulia juu ya bega la mzee, nikahesabu. Kola nilizompa zilikuwa saba. Ng'ombe wenye kola walikuwa sita.

Simu yangu ikaita. Alikuwa kamanda wa sungusungu, na kwa ujinga nikaiweka kwenye spika.

"Dada, asante kwa mashine yako! Tumefuata ile alama, tumemkamata mwizi huku Bunda, ng'ombe ana kola shingoni. Anasema anamfugia rafiki yake tu."

"Rafiki gani?"

"Hataki kumtaja. Vijana wameshakata fimbo."

Nimezaliwa mkoa huu, najua mtu aliyeitwa mwizi wa ng'ombe anavyoweza kuishia. Nikamtazama mzee. Mzee alikuwa akimtazama kaka yake. Nikaelewa, nimechelewa. Ng'ombe kuwekwa kwa rafiki wa mbali ni jambo la kawaida kwetu, ili ugonjwa usiwamalize wote, na ili ndugu wasijue idadi. Siri hiyo wanaijua wawili tu, na yule wa Bunda alikuwa akiitunza mbele ya fimbo.

"Baba," nilisema, "watamuua."

Kaka mtu hakutikisika kigodani. Mzee akaninyang'anya simu.

"Ni mimi! Ng'ombe ni wangu, nimempeleka mwenyewe. Msimguse mtu huyo!"

Kamanda alishusha sauti.

"Tumeshamgusa, mzee."

Tulimpakia mzee garini, tukapita Kiabakari kwa mwendo wa kuhatarisha roho. Mhandisi alikuwa ameacha kuongea habari za betri. Nilimuuliza mzee, kwa hasira niliyopaswa kujielekezea mwenyewe, kwa nini hakuivua ile kola kabla ya kumpeleka mtamba.

"Si ulituapisha tusizivue?" alisema. "Nami nilikuahidi."

Rafiki yake tulimkuta ameketi chini, jicho limefumba kwa uvimbe, mkewe akimwosha damu sikioni. Sungusungu walikuwa wamejitenga, hawajui fimbo waziweke wapi. Mzee alipiga magoti mbele yake, akamwita kwa jina la utoto wao. Rafiki aliinuka kwa kushika ukuta, akamfungua mtamba, akampa mzee kamba mkononi.

"Mrudishe kwenu," alisema. "Mimi sifugagi ng'ombe anayesema."

Niliomba radhi. Mkewe aliniambia nisogee, nilikuwa namzibia mwanga.

Mhandisi aliikagua kola palepale shingoni mwa mtamba, maana ndiyo kazi iliyomleta. "Nzima kabisa, dada," alisema kwa sauti ndogo.

Mzee alikataa gari letu. Aliondoka kwa miguu, kamba mkononi, barabara kuu, mbele za watu. Mimi nilirudi Mwisenge, nikawasha kompyuta. Kwa siku mbili niliitazama ile alama ikipanda polepole kuelekea Kiabakari, ikisimama, ikisogea tena. Ilipoingia eneo lake la malisho, ujumbe ulijituma wenyewe kwenye simu zetu zote: Ng'ombe namba nne amerudi salama.