Kipimo cha Ngamia Usangu

Mtaalamu wa maabara niliyesafiri naye kutoka Iringa huviacha vipimo vyake juani, juu ya tangi la pikipiki, kabla hajamgusa mbuzi. Anasema kinachotaka friji hakitawafaa wafugaji wa Usangu. Vidole vyake vifupi hudondosha tone la machozi ya mbuzi bila haraka, kisha midomo inahesabu kimyakimya, kwa Kihehe. Alikuwa akilinganisha vipimo viwili vya virusi vya sotoka ya mbuzi, ugonjwa unaoambukiza upesi. Kimoja, cha kingamwili za kawaida, yaani protini zinazonasa virusi lakini zisizostahimili joto, alikitoa kwenye boksi la barafu. Kingine, cha kingamwili ndogo za ngamia zinazostahimili joto, ndicho kilichokaa juani, na ndicho alichokihangaikia miaka mingi.

Nkuba, mwenye mbuzi, alitaka kulipeleka kundi kwa kaka yake jioni hiyo. Cha ngamia kikaonyesha mstari mmoja: hakuna ugonjwa. Cha barafu kikaonyesha miwili.

“Mama, tumsikilize ngamia,” Nkuba alisema huku akicheka. “Si umemlea mwenyewe?”

Mtaalamu alipima mbuzi mwingine, na mwingine tena. Vipimo vikapingana vilevile. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa.

“Nimemlea, baba, ila leo amekosea. Cha barafu ndicho kilichokwisha kuthibitishwa. Mbuzi wako wanaumwa. Ukiwapeleka, utamwambukizia kaka yako zizi zima.”

Nkuba hakucheka tena. Aliburuta matawi ya miba, akaziba mlango wa zizi.