Jua Alilonyimwa Yoramu

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya mwezi wa saba ambayo mpaka leo ikinijia nanyanyuka nilipokaa. Niliingia nyumbani kwa kaka yangu Yoramu nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika shati, hajui alivae au aliweke. Homa hana. Pombe hajanywa. Alilitazama lile shati kama mtu aliyeambiwa alime bonde zima peke yake. Nikamwambia, "Kaka, kumekucha." Akanijibu, "Kumekucha kwa nani?"

Nawasikia nyinyi vijana mkisema, leo stimu zimekata. Mnasema huku mnacheka, na mimi sicheki. Sisi kitu hicho hatukuwa na jina lake. Mwenyekiti wetu, Bugozi, yeye alikuwa nalo: alikiita uvivu. Jina hilo ndilo lililomzika kaka yangu. Mimi nimeishia darasa la tatu na kalamu naishika kama mpini wa jembe, lakini Bugozi nitamtaja, maana miaka yote hii watu wamekuwa wakisema "mambo ya wakati ule" kana kwamba wakati una mikono.

Kwetu ni Kasulu, upande wa milimani, njia ya kwenda Kibondo. Mababu zetu walikaa juu kabisa, mahali tulipopaita Rugongo. Kila mji ulikuwa ndani ya migomba yake, na kila mlango uliangalia linakotoka jua. Hakuna aliyetufundisha hilo shuleni. Miezi ya baridi, wa sita na wa saba, watu wa Rugongo waliamka, wakatoka na magunia mabegani, wakakaa mbele ya nyumba kuota jua. Pale ndipo maharage yalipochambuliwa, watoto walipotolewa funza, ugomvi wa jana ulipomalizwa. Ukitazama chini huoni bonde, unaona ukungu umelala kama maziwa kwenye kibuyu kilichopasuliwa.

Huko chini kwenye ukungu ndiko tulikohamishiwa.

Serikali ilisema tukae pamoja tupate shule na maji. Kwa hilo sina ugomvi, wanangu wamesoma kwenye shule hiyo. Lakini waliotupimia kijiji walikuwa Bugozi na mgambo wake Tegwa, na walitaka kitu kimoja tu: kiongozi akipita na gari barabarani aone nyumba zimenyooka kama askari. Barabara iko magharibi. Basi milango yote ikaangalia magharibi, na mlima ukawa mgongoni kwetu, umetukalia. Jua lilitufikia watu wa Kibondo wakiwa wameshachoka kuliota. Wazee walipouliza, Bugozi aliwaambia, "Ndugu zangu, mnataka maendeleo au mnataka kuota jua kama mijusi?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, alikuwa hodari wa maneno.

Nyumba ya Yoramu kule juu Tegwa aliitia kiberiti mwenyewe, ili asirudi. Yoramu alisimama akaangalia mpaka paa likaanguka, akasema, "Angalau leo kuna joto." Ndivyo alivyokuwa. Kaka yangu alikuwa mtu wa mzaha. Hata msibani waliwaweka watoto mbali naye wasije wakacheka. Mzaha ule ndio wa mwisho niliousikia kwa muda mrefu.

Mvua zilipita, bado alikuwa anakwenda kwenda. Ubaridi ulipoingia, akaanza kuisha. Kwanza aliacha kunawa uso. Halafu akaacha jembe nje usiku, yeye aliyekuwa analilaza ndani kama mtoto. Mkewe, shemeji yangu Leokadia, alimpikia ugali wa muhogo na maharage mabichi anayoyapenda, kaka akamega tonge moja, akalishika mpaka likapoa. Usingizi hana, lakini kutoka kitandani hawezi. Akilala analala ameelekea ukutani. Asubuhi kengele ya kazi ya kijiji ikigongwa, Tegwa anapita mlangoni: "Kupe! Kupe ameamka?" Na vijana nyuma yake wanaitikia, "Kupe anyonya!" Hao vijana nawajua. Wengine leo ni wazee wa kanisa.

Sasa sikia aliyeona alikuwa nani. Alikuwa Bibi Kezia, jirani yetu wa tangu Rugongo, mjane, mfupi, mdomo mkali. Unajua kwetu Buha, kwa sisi Waha, salamu si neno moja la kutupiana njiani. Mdogo anainama, anapiga makofi polepole mbele ya mkubwa, "Mwakeye," na mnaulizana mlivyolala, na watoto, na ng'ombe, na shamba, mpaka mgeni wa mbali anaweza kudhani mnadaiana. Bugozi alikuwa amezipiga marufuku salamu zile kwenye mkusanyiko wa kazi. Alisema zinakula saa za taifa. Tukawa tunasema "Ndugu, salama," tunapita. Lakini Bibi Kezia alikuja mpaka mlangoni kwa kaka, akasimama, akangoja aamkiwe.

Yoramu akainama. Mikono yake ikakutana mara moja, ikaanguka.

Bibi alinivuta kando mpaka nyuma ya nyumba. "Wewe, Eliya, humwoni mkubwa wako?"

"Namwona, Bibi. Wanasema amekuwa mvivu."

"Nani wanasema?"

"Mwenyekiti."

"Mwenyekiti amezaa na nani hapa akajua watoto wetu? Yoramu nilimkata kitovu mimi. Nimemwuliza habari za mke, amenijibu 'nzuri' kama anayefukuza nzi. Nimemwuliza habari za shamba, amesahau kwamba hana." Akanipiga kidole kifuani. "Na wewe je? Uso wako umekuwa wa kijivu kama jivu la jana. Unadhani sikuoni?"

Ilikuwa kweli. Hata mimi siku zile kufunga kamba ya suruali ilikuwa kazi.

Akasema, "Sikilizeni nyote wawili, maana najua anatusikia kupitia ukutani. Huu ubaridi unamwingia mtu aliyeng'olewa. Hauondoki kwa kulala. Kesho kabla ya kengele mnakuja kwangu, tunapanda Rugongo kukaa juani. Miguu ikikataa, mtaibeba."

Nikamwambia kwenda mahame, kule tulikohamishwa, kumekatazwa. Akanijibu, "Mimi nimekatazwa mengi tangu Wabelgiji. Wewe chukua panga."

Tukapanda. Mwanangu, mara ya kwanza ilikuwa kama kumvusha mtu kwenye maji ya shingo. Yoramu alikaa chini kila penye jiwe. Alisema niacheni hapa. Bibi Kezia hakumbembeleza wala hakumtukana, alisimama tu akamngoja, anapumua kwa sauti makusudi, mpaka kaka akaona haya bibi kizee kusimama kwa ajili yake. Tukatoka kwenye ukungu ghafla, kama unavyotoa kichwa kwenye blanketi. Jua likatupiga usoni. Palepale palipokuwa mlango wake, kwenye majivu, tukakaa.

Hatukusema kitu cha maana. Bibi alimpa kaka panga, akamwambia apogoe shina moja la mgomba. Moja tu. Kaka alitaka kuendelea la pili, akamnyang'anya panga. "La pili lina kesho yake," akasema. Baadaye nilimwuliza kwa nini, akaniambia mtu wa namna ile ukimpa shamba zima anaona kaburi. Mpe kitu ambacho akimaliza anaona kimekwisha.

Tukaenda hivyo asubuhi nyingi, tunarudi kengele inapogongwa. Kidogo kidogo uso wa kaka ukawa na mtu ndani. Akala. Akarudisha jembe ndani. Siku moja tumekaa juani, akanitazama sana, akasema, "Eliya, masikio yako yakipigwa na jua kwa nyuma, naona mpaka damu inavyozunguka. Tungekuwa na haya masikio tusingehitaji taa." Bibi Kezia alicheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi niliyechekwa ndiye niliyefurahi kuliko wote. Niliona kaka yangu amerudi.

Basi kesho yake Tegwa alikuwa ametukalia njiani.

Tulipelekwa mbele ya kijiji kizima, kwenye ukungu, watu wanatoa mvuke midomoni. Bugozi alivaa koti lake zito, lile la kola ya manyoya. Akasema hapa kuna watu wanaopinga kijiji, wanarudi mahame kufanya mambo ya gizani. Bibi Kezia akapaza sauti, "Mambo ya juani, Mwenyekiti! Huyu kijana ni mgonjwa. Jua ndiyo dawa yake, mwache apate jua."

"Mgonjwa wa nini, Bibi? Ana kidonda? Ana homa? Mimi nikiamka na baridi, na mimi ni mgonjwa?"

"Wewe una koti."

Watu wakaguna. Nadhani neno lile ndilo lililotuponza, maana Bugozi alikuwa anavumilia kila kitu isipokuwa kuchekwa. Bibi akaachwa kwa ajili ya uzee wake. Mimi nikapewa adhabu ya kukata nyasi za kuezekea, nazo nyasi ziko juu mlimani. Yoramu, kwa kuwa ndiye kupe mkubwa, akapewa kuchimba shimo la choo cha shule, bondeni kabisa kando ya mto, mahali ambapo ukungu unalala mpaka karibu na mchana. Leokadia alipiga magoti akaomba tubadilishwe. Mimi pia niliomba. Bugozi akasema, "Hapa si sokoni."

Umeelewa, mwanangu? Ubaridi uliotuingia ulikuwa mmoja. Mimi nilipelekwa juani kwa adhabu, nikapona bila kujua ninapona. Kaka alipelekwa shimoni. Kila siku alivyochimba ndivyo alivyozidi kushuka, mpaka ukipita ulikuwa unaona udongo tu unarushwa, humwoni mtu. Kisha na udongo ukaacha kurushwa. Nilimkuta amekaa chini mle ndani, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nikamwita. Akasema, "Hapa ni sawa na kule, mdogo wangu. Tofauti ni kwamba hapa hawaniiti kupe."

Nikamtoa kwa kamba. Kichomi kikamshika. Lakini kichomi huwashika watu wengi wakapona. Yeye hakutaka hata maji. Bibi Kezia alikuja akakaa naye, akamwamkia kila asubuhi salamu nzima, neno kwa neno, akijiitikia mwenyewe pale kaka aliposhindwa. Kaka hakufika kwenye mvua za vuli.

Mazishini Bugozi alikuja na koti lake. Akasimama akasema, "Kijiji kimepoteza nguvu kazi." Maneno hayo hayo. Halafu, kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama, akamwendea Bibi Kezia, akainama, akapiga makofi ya salamu ile aliyoikataza mwenyewe. "Mwakeye, Bibi." Bibi Kezia aliiweka mikono yake chini ya kitenge. Hakuitoa. Bugozi akapiga makofi tena, na tena, mpaka mikono yake ikachoka, ikaanguka kama ile ya kaka. Katika maisha yangu sijaona Muha akinyimwa salamu mbele ya kaburi isipokuwa siku ile.

Bibi naye ameshakufa. Tegwa alikimbilia Kakonko, akafia huko. Bugozi yupo. Amezeeka, watoto wake wako mbali, mkewe alikufa. Nyumba yake ni ileile, mlango unaangalia barabara. Mwezi wa saba uliopita nilipita pale nikamwona kwa ndani, ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika lile koti mkononi. Hajui alivae au aliweke.

Nilipita. Nilifika mbali kidogo. Nikarudi.

Sijamsamehe, usije ukadhani. Lakini niliujua ule ukaaji, na kwenye kijiji hiki hakuna mwingine aliyebaki anayeujua. Nilimshika mkono nikampandisha polepole mpaka penye jua, nikamkalisha kwenye jiwe. Nikamwambia, "Hili ndilo jua alilonyimwa Yoramu." Kesho yake nikamchukua tena, nikamwambia maneno yaleyale. Namfanyia hivyo kila asubuhi ubaridi ukiingia. Siku moja alilia. Nikangoja amalize, nikamrudisha nyumbani kwake.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Ubaridi ukikuingia moyoni usijiite mvivu, na asikuite mtu. Toka nje asubuhi hata kama mwili haukutaki. Usiusubiri utake, hautataka. Kaa juani na mtu, hata msiposema kitu. Shika kazi moja ndogo, imalize, iache. Kula hata matonge mawili. Ukiona inazidi, inafika mahali unaona heri shimo, mwambie mtu siku hiyohiyo, nenda hospitali useme wazi, siku hizi wapo wanaosikiliza. Na ukimwamkia mwenzako akakujibu "nzuri" kama anayefukuza nzi, usipite. Rudi. Mwulize za mke, za watoto, za shamba. Zinakula saa, ndiyo. Saa hizo ndizo alizonyimwa kaka yangu.

Mungu akupe mlango unaoangalia mashariki. Na akikunyima huo, akupe mtu mwenye mdomo mkali wa kukutoa kitandani, na akusimamie kwenye kila jiwe mpaka ufike juu.