Ndoo ya Mama Nurdin

Tangu apate akili, Mama Nurdin aliamka kabla jogoo hajawika. Newala iko juu na maji yako bondeni. Mwanamke aliyechelewa aliteka matope. Yeye alipanda mlima ule na ndoo kichwani, mimba tumboni, na tone halikumwagika.

Sasa saratani ilikuwa imemlaza hospitali, huku chini Masasi. Muuguzi Oliva akaja kupima kama yuko katika hatari ya kuanguka.

"Shikamoo, mama. Umewahi kuanguka?"

"Marahaba. Mlima wa Newala haukuniangusha, ije iniangushe sakafu?"

Oliva akacheka, akamwomba asimame. Akasimama kwa kushika kitanda. "Ukitaka kushuka kitandani, niite."

Alfajiri usingizi ukamrudisha Newala. Ukungu ulifunika bonde lote, mweupe kama tui, na wanawake wenzake walikuwa wakiteremka wakimwita. Akatupa shuka. Oliva alimdaka miguu ikigusa sakafu, kanga ameshaisokota kata ya kubebea ndoo kichwani.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Niache! Maji yataisha!"

Oliva hakumkemea, kwani naye alizaliwa Newala. Alimlaza taratibu. Jioni yake alileta ndoo, akaijaza pomoni, akaiweka chini ya dirisha, mbali na njia ya miguu lakini mbele ya macho ya mgonjwa.

Alfajiri wale wanawake wakaita tena. Mama Nurdin akafumbua macho, akaiona ndoo, maji yametulia ndani yake.

"Tangulieni," akawaambia. "Mimi nimeshateka."

Akavuta shuka.