Jino la Gobori

Juzi pale Kibiti nilimwona askari akipaka bunduki yake mafuta, na ile harufu ikanirudisha nyumbani kwetu Mtunda, wakati wa Maji Maji.

Gobori la baba lilikuwa halishiki. Mtambo ukivutwa nyuma, ulirudi wenyewe. Baba mdogo, mfua chuma, alilifungua, akatoa kipande kidogo na kukigeuza juani.

"Jino la kifyatulio limekatika," alisema. "Wala halikuchakaa, kaka. Limepigwa. Palipovunjika bado panang'aa."

Mama, aliyekuwa akitwanga, alisimamisha mchi akafuta macho. Nilidhani ni pumba za mpunga.

Baba alimtazama, kisha akamuuliza mdogo wake, "Litapona leo?"

"Labda kesho kutwa."

"Wenzangu wanaondoka sasa."

Akachukua mkuki, akanigusa kichwa, akaenda. Nilifurahi, nikiamini asiye na bunduki hapigwi risasi.

Hakurudi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo mama aliponiambia kwamba alilivunja yeye kwa jiwe, ili mumewe abaki. Kila mara watu walipowalaani Wajerumani kwa kifo cha baba, mama alikuwa akiinuka na kuingia ndani.